Kuchagua Viunganishi vya Upanuzi kwa Bodi ya FPGA

Anayesanifu bodi ya FPGA (chipu ambayo sakiti zake za ndani hupangwa upya na mtumiaji) ya matumizi ya jumla kwa kawaida huanza kwa kuhesabu pini, ilhali linalopaswa kutangulia ni volti. Pini za FPGA zimegawanywa katika makundi, na pini zote za kundi moja hutumia volti moja ya kutolea ishara; kwa hiyo kamera ya volti 1.8 na kihisi cha volti 3.3 visipangiwe kundi moja. Kila kiunganishi kipewe kundi lake, na pale inapowezekana kiwekewe jampa (kipande kidogo cha kuunganisha pini mbili) ya kuchagulia volti. Aidha, FPGA nyingi za sasa hazivumilii volti 5, na vihisi vilivyotengenezwa kwa ajili ya bodi ndogo ya Arduino Uno mara nyingi hutoa volti hizo hizo, hivyo chipu ya kushusha volti za ishara ni ya lazima.

Kwa vihisi na skrini ndogo, Pmod, kiunganishi kidogo cha kampuni ya Digilent, inatosha: ina pini 12, yaani 8 za ishara, 2 za umeme wa volti 3.3 na 2 za ethi. Bodi nyingi huweka rezista kwenye njia za ishara ili kulinda FPGA mtu anapokosea kuunga, lakini rezista hizo hizo hupunguza kasi. Weka Pmod moja yenye rezista na nyingine isiyo nazo, kisha uandike tofauti hiyo kwenye bodi yenyewe.

Safu ya pini 40, inayopatikana kwenye bodi za kampuni ya Terasic kama DE0-Nano, huvutia kwa kuwa na ishara 36, lakini ina pini 2 tu za ethi. Kila mkondo unaotoka kwa njia ya ishara hauna budi kurudi kwa njia ya ethi. Njia za kurudia zikiwa chache na za mbali, ishara zinazobadilika kwa pamoja huchafuana, na waya bapa ukiwa mrefu hali huwa mbaya zaidi. Kwa taa na swichi hakuna neno. Kwa kigeuzi cha analogi cha kasi kubwa, ningeacha ishara kumi na kuzigeuza pini hizo kuwa ethi, hata kama moduli za watu wengine hazitaingia.

FMC, kiunganishi sanifu cha pini nyingi, ina pini 160 au 400 na inafaa kwa jozi za ishara za kasi kubwa. Hata hivyo, miguu yake imefichwa chini ya kiunganishi, kwa hiyo pasi ya kulehemu ya kawaida haiifikii. Asiye na tanuri ya kulehemu asiiweke kwa fahari tu.

Kwetu Tanga kuna mambo mawili ya nyongeza. Hewa ya bahari hushambulia pini zilizopakwa bati, basi nunua zilizopakwa dhahabu. Na bodi ikienda kuhesabu mizunguko ya korona (mashine ya kutoa nyuzi za mkonge) kwenye shamba la mkonge, mtetemo utazing'oa waya za jampa, kwa hiyo chagua kiunganishi chenye kufuli au cha skrubu.

Kabla ya kuagiza, chapisha mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, uweke moduli ulizo nazo juu yake, na uhakikishe kwamba mbili zilizo jirani hazigongani.