Toka kwenye auto, chezea shata

Kama ndo unasoma upigaji picha na bado uko kwenye auto (kamera inakuchagulia kila kitu), toa leo, weka S au Tv (modi ya kuchagua mwenyewe shata, yaani muda kamera inapokea mwanga) alafu nenda Forodhani Zanzibar jioni wale vijana wa makachu wakianza kuruka baharini. Anza na 1/1000 ya sekunde, mtu anaganda hewani kabisa mpaka matone ya maji unayaona moja moja, kisha shusha hadi 1/60 uone anavyoacha ukungu nyuma yake, mrukaji yuleyule ila hisia nyingine kabisa, napenda sana hii.

Bodaboda ndo mwalimu wa paning (kuzungusha kamera ukifuata kitu kinachokimbia): weka 1/30, mfuate dereva kwa kiuno sio kwa mikono, bonyeza huku unazunguka na usisimame hata ukishabonyeza, yeye anatoka shapu na ukuta wa nyuma unageuka mistari. Nyingi zitaharibika, usizifute hapohapo, kazifungue kwenye kompyuta ulinganishe shata ipi imekubali.

Giza likiingia weka ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100, kamera juu ya ukuta, taima ya sekunde 2, shata sekunde 10, bahari inalainika yote. Mchana wa jua kali hii inataka filta ya ND (kioo cheusi mbele ya lenzi cha kupunguza mwanga), bila hivyo picha inatoka nyeupe tupu.