SOMO: Kupanga ndoa ya watu wachache kando ya ziwa la mlimani, hatua kwa hatua

Habari zenu wakuu. Tangu tufunge ndoa yetu ziwani naulizwa maswali yale yale kila wiki, nikaona bora niyaandike yote sehemu moja. Tuelewane kwanza, hapa siongelei kutoroshana, naongelea wawili waliokubaliana kufunga ndoa kimya kimya na watu wao wachache, bila ukumbi wala MC. Sisi tulikuwa saba tukimhesabu mfungisha ndoa na mpiga picha.

Na kitu kimoja mkishike kabla sijaanza: ziwa la mlimani ndo linapanga ratiba. Ukienda na ratiba yako ya mjini ukataka ziwa likufuate, utaumia.

HATUA YA 1: Sheria kabla ya gauni

Watu wanaanza na gauni, mi nasema anzeni na karatasi, maana sheria ya ndoa ni ya pale mnapofungia na zinatofautiana sana. Colorado kule Marekani wawili wanaruhusiwa kujifungisha ndoa wenyewe, hamna mfungisha ndoa hamna shahidi, mnasaini tu leseni yenu na mnairudisha, ila leseni ni ya siku 35. Ukienda Alberta, Canada, kwenye Lake Louise na Moraine Lake, lazima awepo mfungisha ndoa anayetambulika na mashahidi wawili, na leseni inadumu miezi mitatu. Milima inafanana lakini karatasi ni mbili tofauti kabisa.

Alafu kuna kibali cha eneo, hiki wengi wanakisahau. Leseni ya ndoa haikupi ruhusa ya kufanya shughuli ndani ya hifadhi. Rocky Mountain National Park, hifadhi ya taifa kule kule Colorado, kwa mfano wanataka kibali hata kama mko wawili tu, na sehemu za kufungia ndoa wamezitenga wao, Sprague Lake ikiwemo. Droni ndani ya hifadhi za taifa za Marekani ni marufuku, kwahiyo mpiga picha akikuahidi video ya kutoka juu muulize anairusha kwa ruhusa ya nani.

Kama karatasi za huko ni ngumu sana, sainini ofisini karibu na kwenu alafu viapo mkavisemee ziwani. Hakipungui kitu.

HATUA YA 2: Msimu

Ile rangi ya samawati ya maziwa ya barafuto (yale mabarafu makubwa ya mlimani yanayoteleza polepole), inayowafanya watu waone kama picha imepakwa rangi, inatokana na unga laini wa mawe ambao barafuto inausaga, ukishuka na maji unaelea ziwani na kuuchezesha mwanga. Maana yake ni kwamba rangi inafuata kuyeyuka kwa barafu. Ukienda mapema mno unakuta ziwa jeupe, limeganda. Moraine Lake barafu inaweza kukaa mpaka karibu na Juni, na barabara yake hufungwa msimu wa baridi. Kwahiyo usiangalie picha tu, tafuta picha hiyo ilipigwa mwezi gani.

HATUA YA 3: Saa (hapa msome taratibu)

Alfajiri. Kama mtachukua neno moja kwenye somo hili lichukueni hilo. Usiku hewa inatulia na ziwa linakuwa kioo, unaona mlima mzima umepinduka majini, jua likishapasha miteremko hewa ya joto inaanza kupanda na upepo unaanza, na upepo ukianza kioo kimevunjika mpaka kesho. Sisi tulipanga kuanza saa 12 na nusu asubuhi, ila mfungisha ndoa wetu akaingia maegesho mengine kabisa, simu hazina netiweki, tukamsubiri tumesimama kwenye baridi mpaka karibu saa 3, anafika tu na upepo nao umefika, shela inanipiga usoni na mama yangu hakusikia kiapo changu hata neno moja. Hilo linaniuma mpaka leo. Kutaneni wote chini ambako simu bado zinashika, alafu pandeni pamoja, na ramani muwe nayo ya karatasi.

Jioni nako kuna mtego wake. Simu itakwambia jua linazama saa 2 usiku, lakini kama upande wa magharibi kuna ukuta wa mlima, jua linajificha nyuma yake saa nzima au zaidi kabla. Nendeni siku moja mapema, kaeni saa ile ile mliyopanga, muone kivuli kinafika lini. Na kiangazi mchana milimani radi ni kitu cha kawaida, mkisikia ngurumo ondokeni ufukweni na kwenye miti mirefu muingie ndani ya gari, hata kama mmebakisha pete.

HATUA YA 4: Kufika mkiwa wazima

Kila mita 1,000 mnazopanda joto linashuka kama nyuzi 6, kwahiyo hali ya hewa ya mji wa chini isiwadanganye. Kama mnatembea, hesabuni kilomita 5 kwa saa mkiongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda, alafu ongezeni nusu ya muda huo maana mna wazee na mna gauni. Gauni likae kwenye begi la mgongoni limekunjwa legelege, ulivae kule kule, viatu vya kutembelea usivue mpaka dakika ya mwisho. Tochi za kichwani kila mtu na yake. Betri za kamera ziwekwe mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inazimaliza haraka.

HATUA YA 5: Viapo

Andikeni kwa mkono, kwenye karatasi ngumu isiyopepea. Someni kwa sauti mkiwa nyumbani. Mlimani kuna ukimya ambao hujauzoea, na ukimya ule unakufanya ulie kabla hujamaliza mstari wa kwanza, kwahiyo fupisheni. Kiapo cha mume wangu kilikuwa sentensi nne na sijawahi kusahau hata moja.

HATUA YA 6: Ondokeni na kila kitu

Hakuna kumwaga mchele wala vikaratasi vya rangi. Mimea ya juu milimani inakua polepole mno, unyayo mmoja nje ya njia unaweza kubaki kidonda kwa miaka.

MASWALI

Swali: Dada, je petali za maua halisi zilizokaushwa? Si zinaoza zenyewe?
Jibu: Zinaoza, ila kwenye baridi zinaoza taratibu sana, na maua yaliyolimwa yanaweza kubeba mbegu au dawa visivyo vya pale. Hifadhi nyingi wanakataza. Shika shada mkononi, rudi nalo.

Swali: Mchumba anataka picha tumeingia majini na gauni, ziwa lina kina kidogo pembeni, kuna shida?
Jibu: Maji ya barafu hata kiangazi ni baridi mno, ukiingia ghafla pumzi inakatika na unavuta hewa bila kutaka, kama uso uko majini unavuta maji. Na gauni likilowa ni mzigo. Mwisho iwe vifundoni, mtu wa tatu awe karibu na nguo kavu. Mimi binafsi nisingeingia.

Swali: Mkuu, mama mkwe ana matatizo ya moyo na ziwa tulilochagua liko kama mita 2,900. Tumwache?
Jibu: Usimwache, badilisheni ziwa. Kuanzia mita 2,500 hivi hata mzima anaweza kuugua kwa sababu ya urefu, kichwa kinauma na kichefuchefu, na hapo bado hajatembea. Tafuteni la chini zaidi linalofikika kwa gari, laleni usiku mmoja au miwili katikati ya safari, na daktari wake aulizwe kabla hamjalipia chochote.

Swali: Mvua ikinyesha siku yenyewe?
Jibu: Weka siku ya akiba kwenye kibali kama wanaruhusu, ulizeni mapema. Mvua ya rasharasha yenyewe haina ubaya, ukungu ukishuka ziwani ni mzuri kuliko jua. Miavuli iwe ya rangi moja isiyo na maandishi.

Swali: Dada mi kinachonitisha ni nyumbani tu. Nitawaambiaje wazazi kwamba hawamo kwenye watu saba?
Jibu: Waambie kabla, na uwaambie ana kwa ana. Wakisikia kwa mtu mwingine au wakiona picha kwenye simu hapo umewajeruhi. Mimi baba yangu hakuweza kupanda, nilienda kumwambia mwenyewe, akakaa kimya muda mrefu, alafu akaniuliza kama anaweza kuandika kitu kisomwe. Kaka yangu alikisoma pale ziwani kabla ya viapo, kabla upepo haujazidi.