SOMO: Kukarabati bomba kuu la majitaka lililochakaa bila kuifukua barabara nzima

Wakuu, somo hili liliombwa tangu zile picha za barabara ya Japani iliyomeza lori zianze kuzunguka. Tuanze na tukio lenyewe, maana limebeba karibu kila kitu.

Tarehe 28 Januari 2025, kwenye makutano ya barabara mjini Yashio, mkoa wa Saitama, jirani na Tokyo, lami ilititia na lori likatumbukia pamoja na dereva wake, mzee wa miaka 74. Chini yake, kwenye kina cha mita kama 10, kulikuwa na bomba la zege lenye kipenyo cha mita 4.75 lililolazwa mwaka 1983. Shimo lilizidi kupanuka hadi likafika upana wa mita 40 hivi. Wakazi milioni 1.2 wa manispaa 12 waliombwa wapunguze kuoga na kufua, kwa sababu majitaka yao yote yalikuwa yanaelekea palepale walipokuwa waokoaji. Mwili wa dereva ulipatikana mwezi Mei.

Bomba lile lilikuwa na miaka 42 tu, na ukaguzi wa mwaka wa fedha 2021 haukuona haja ya kulikarabati haraka. Ndiyo maana nasisitiza vipimo kuliko kitu kingine chochote. Watu wanakimbilia kuuliza "tutumie teknolojia gani?" ilhali hawajui dari ya bomba imebakiza zege la sentimita ngapi.

Hatua ya 1: Jua linapooza

Bomba kuu la zege halianzi kuoza pale maji yanapopita. Linaoza darini. Kwenye utando wa utelezi ulio chini ya maji kuna bakteria wanaogeuza salfeti (chumvi zilizoyeyuka kwenye majitaka) kuwa haidrojeni salfaidi, ile gesi ya harufu ya mayai viza. Maji yakitibuka, iwe kwenye maporomoko ya chemba au pale bomba la kusukumia la pampu linapomwaga, gesi inatoka na kupanda. Juu, kwenye zege lenye unyevu, bakteria wengine wanaigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Mtafiti C. D. Parker alilieleza jambo hili huko Melbourne, Australia, mwaka 1945, kwa hiyo si habari mpya. Zege jipya lina pH (kipimo cha asidi, kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) ya 12 hadi 13. Dari iliyoshambuliwa hushuka hadi 2 au hata 1. Ukiikwaruza kwa bisibisi inabanduka, nyeupe na laini kama ugali. Baadaye nondo zinatokeza, udongo unaanza kumwagikia ndani, na chini ya lami linabaki tundu ambalo dereva wa juu halioni.

Kwetu kuna jambo la ziada: joto. Kwa kanuni wanayotumia wahandisi, kila nyuzi moja ya Selsiasi huongeza kasi ya kuzalisha salfaidi kwa takriban asilimia 7. Majitaka ya nyuzi 28 yanaizalisha kwa kasi inayozidi ile ya nyuzi 20 kwa asilimia 70 hivi. Umri wa bomba ulioandikwa kwenye vitabu vya nchi za baridi usiuchukue ulivyo.

Hatua ya 2: Pima

Kamera ya roboti pekee haitoshi. Inaonyesha sura ya dari, haionyeshi unene uliobaki. Ongeza leza kwa sehemu iliyo juu ya maji, ili ulinganishe kipenyo cha leo na kile cha kwenye michoro ya ujenzi, na sona (kipimo cha mawimbi ya sauti) kwa sehemu iliyozama, ili ujue mchanga umejaa kiasi gani. Kisha toboa sampuli za zege sehemu chache zilizo mbaya zaidi. Juu ya barabara pitisha rada ya ardhini, ila kumbuka rada huona mita chache tu. Bomba la mita 10 chini haiwezi kulisemea.

Hatua ya 3: Hamisha maji

Hapa ndipo pesa nyingi huenda, na ndipo kazi nyingi hukwama. Bomba kuu halina siku ya kupumzika, jiji zima linamwaga humo usiku na mchana. Pima mtiririko kwa wiki kadhaa, na upange pampu za mchepuko kwa mtiririko wa kilele, siyo wa wastani. Mimi nataka pampu za akiba zenye uwezo sawa na zile zinazofanya kazi, jenereta ya pili, na mtu anayekesha nazo. Usianze kazi hii masika. Kule Yashio, kwa bomba la ukubwa ule, ilibidi sehemu ya majitaka itiwe klorini na kuachiwa mtoni. Mkandarasi asiye na mpango wa mchepuko kwenye karatasi, na michoro yake, msimpe kazi.

Hatua ya 4: Safisha

Ondoa mchanga na takataka, kisha piga maji ya shinikizo mpaka ufikie zege gumu. Zege laini likibaki nyuma ya bitana, yaani ganda jipya la ndani utakaloweka, umefunika kidonda.

Hatua ya 5: Sasa ndiyo uchague njia

*Soksi ya resini.* Kitambaa kilicholoweshwa resini (kimiminika cha plastiki kinachogeuka kigumu) kinaingizwa kupitia chemba, kinapanuliwa kwa shinikizo la maji au hewa, kisha kinagandishwa kiwe kigumu kwa maji moto, mvuke au mwanga wa urujuanimno. Mhandisi Eric Wood aliianzisha London mwaka 1971. Ni nzuri sana, lakini kadiri kipenyo kinavyokua ndivyo uzito na gharama vinavyopanda.

*Bomba ndani ya bomba.* Unasukuma bomba jipya ndani ya la zamani na kujaza rojo ya saruji katikati. Wengi wanaogopa kupoteza nafasi, basi tupige hesabu. Bomba la milimita 1800 ukilivika lenye kipenyo cha ndani cha 1600, kwa kanuni ya Manning, ile ya kukokotoa mtiririko, kipenyo pekee kinakuondolea asilimia 27 ya uwezo. Lakini zege lililochakaa lina kipimo cha ukwaruzo cha 0.015 hivi, na bomba jipya la plastiki ya nyuzi za kioo kama 0.011. Ukiyaweka yote mawili, uwezo unarudi karibu palepale.

*Utepe wa kuzungusha.* Mashine inazungusha utepe wa plastiki ndani ya bomba, kisha nyuma yake inajazwa rojo. Njia hii ilikuzwa Tokyo miaka ya 1980, na uzuri wake ni kwamba inaweza kufanyika maji machache yakiendelea kupita. Kwa mabomba makubwa sana, au yasiyo ya duara, mimi naanza kuifikiria hii.

Hatua ya 6: Nje ya bomba na kwenye chemba

Jaza matundu yaliyo nje ya bomba, halafu kinga na chemba zenyewe, maana gesi inazila vilevile. Pitisha kamera tena kabla ya kulipa.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi, Tabata: Mkuu, bomba letu limebonyea katikati, maji yanatuama. Soksi italinyoosha?

Hapana, ndugu yangu. Soksi inafuata umbo inaloikuta. Kipande kilichobonyea kichimbwe na kilazwe upya kwa mteremko sahihi.

Mhandisi, Nairobi: Kwa nini tusipake epoksi (rangi nzito ya resini) darini tu?

Kwa chemba, na kwa dari ambayo bado ina unene wa kutosha, inawezekana. Shida ni maji ya ardhini: yakisukuma kutoka nyuma, epoksi inavimba na kubanduka, na asidi inapenya hapo. Tena epoksi haibebi mzigo. Nondo zikishaonekana, unahitaji bitana inayosimama yenyewe.

Mkazi, Mombasa: Chemba ya mtaani inanuka, tumeziba matundu ya mfuniko kwa zege. Kuna ubaya?

Upo. Gesi haijaondoka, inatafuta njia nyingine, hata kupitia mabomba ya vyooni mwenu. Fungueni, na mdai mamlaka ishughulikie chanzo. Kuna dawa zinazotiwa kwenye maji, kama kalsiamu naitreti au chumvi za chuma, zinazozuia salfaidi isizidi.

Kibarua, Mwanza: Kaka, sisi tunashusha mshumaa, ukiwaka tunaingia. Ni sawa?

Acheni kuanzia leo, nawasihi. Kukiwa na methani, mshumaa huo utalipua chemba. Na kwa haidrojeni salfaidi haukuambii kitu: gesi hiyo inaua hata oksijeni ikiwa tele na mshumaa ukiwaka vizuri. Usitegemee pua pia. Ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni, pua inakufa ganzi na unadhani harufu imeisha. Tumieni kipima gesi: oksijeni isipungue asilimia 19.5, haidrojeni salfaidi isizidi sehemu 10 kwa milioni. Feni ya kuingiza hewa, mkanda wenye kamba, winchi juu. Mwenzako akianguka, mvute kwa winchi. Usishuke kumfuata bila mtungi wa hewa. Wengi hufa wawili au watatu kwa mpigo kwa sababu hiyo. Bosi akikataa kutoa kipima gesi, usiingie.

Mtumishi wa manispaa: Bajeti ni ndogo na mabomba ni mengi. Tuanze wapi?

Baada ya Yashio, Japani iliamuru ukaguzi wa mabomba yenye kipenyo cha mita 2 au zaidi na umri wa miaka 30 au zaidi, takriban kilomita 5,000. Mabomba yetu mengi ni madogo kuliko hayo, kwa hiyo shusheni kiwango, tuseme milimita 600. Ndani ya orodha hiyo tangulizeni vipande vilivyo chini ya barabara kuu na hospitali, hasa vile vinavyopokea maji ya pampu au vyenye maporomoko. Fungueni chemba hizo kwanza, na mkwaruze dari.