Usiache ngano kabla hujapima damu

Kama tumbo linajaa gesi na kuharisha miezi na miezi, amiba umepima hamna, na sasa unataka kujaribu kuacha ngano, kapime kwanza damu ya siliaki (ugonjwa ambao gluteni, protini iliyo kwenye ngano na shayiri, inafanya mwili ushambulie utumbo wake), kipimo kinaitwa tTG-IgA, ukiwa bado unakula chapati na mkate kama kawaida. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili unatengeneza ukiwa unakula gluteni, ukishaacha zinashuka na majibu yanaweza kuja safi wakati ugonjwa unao. Mimi niliacha kwanza, ikabidi nirudi kula ngano kila siku wiki 6 ndo nipime, nilikoma. Ukishapima ndo uache: ugali wa mahindi, wali, muhogo, ndizi poa tu, ila soma pakiti ya unga wa lishe maana mwingine una ngano, na bia ya shayiri nayo haifai. Pa kukwama: wenye upungufu wa IgA, yaani aina ya kingamwili ambayo kipimo hiki kinaitafuta, kinaweza kisiwakamate, mwambie daktari aangalie na hiyo. Na usiache mandazi na chai ya maziwa siku moja, ukipata nafuu hutajua mchawi ni nani. Ukiona damu chooni au unakonda, achana na majaribio, nenda hospitali.