Trekta dogo na mashine ya marobota ya duara: angalia haya kabla ya kununua

Kuanzia Juni hadi Septemba malisho ya kufunga yapo: nyasi za ngitili, yaani maeneo ya malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, zimekomaa, na mabua ya mpunga yamelala kwenye majaruba ya Magu, Misungwi, Kwimba na Sengerema. Tatizo ni kupata mashine ya kuzifunga kuwa marobota inayolingana na trekta lililopo. Mfugaji mwenye trekta la nguvu farasi 25 hadi 50 asianze na bei ya mashine. Aanze na trekta lake: nguvu, uzito na klachi.

Namba iliyoandikwa kwenye boneti ni nguvu ya injini. Inayofika kwenye shafti ya nyuma inayozungusha zana, yaani PTO, ni kama asilimia 80 hadi 85 tu, na injini iliyochakaa hutoa pungufu ya hapo. Trekta la nguvu farasi 30 lina kama 25 za kufanyia kazi. Hizo zinatosha mashine ndogo, ile inayotoa robota la upana wa sm 70 na kipenyo cha sm 50 hadi 60, lenye kilo 18 hadi 30. Mashine ya robota la sm 120 kwa 120 inataka angalau 40 kwenye PTO, yaani injini ya 50 iliyo nzima.

Uzito nao una hesabu yake. Mashine ndogo ina kilo 400 hadi 600, kubwa huvuka tani moja kwa urahisi. Trekta dogo litaivuta hiyo kubwa kwenye tambarare, lakini kwenye mteremko mashine ndiyo italisukuma trekta. Robota lake la kilo 200 hadi 300 likibebwa nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hautii. Kwa trekta lililo chini ya nguvu farasi 40, tunashauri mashine ndogo bila kusita.

Suala la klachi wauzaji hawalitaji sana, nalo ndilo linaloamua kama kazi itakwenda. Chemba, yaani sehemu ya mashine inayoviringishia robota, ikijaa, trekta linapaswa kusimama huku PTO ikiendelea kuzunguka ili kamba au wavu ulifunge robota. Klachi ya hatua mbili inaruhusu hilo: ukikanyaga pedali nusu magurudumu yanasimama, mashine inaendelea. Kwenye klachi ya hatua moja ukikanyaga tu PTO nayo inasimama, na nyasi zilizokuwa njiani zinasongamana mdomoni. Itabidi uweke gia huru kisha uachie klachi, kwa kila robota, siku nzima. Kupima ni rahisi. Trekta likiwa limesimama, gia huru, bila zana nyuma, washa PTO na ukanyage pedali polepole. Mtu mwingine aitazame shafti akiwa mbali nayo. Ikiendelea kuzunguka pedali ikiwa nusu na kusimama pedali ikifika chini, una hatua mbili.

Hakikisha pia mzunguko ni 540 kwa dakika. Vitrekta vilivyotumika kutoka Japani mara nyingi vina spidi kadhaa za PTO. Ukiweka ya juu utakata minyororo na kuua beringi. Na kama mlango wa chemba unafunguliwa kwa haidroliki, trekta liwe na mdomo wa kupeleka mafuta ya haidroliki kwenye mashine. Mengi ya zamani hayana.

Kuhusu chemba, robota huzungushwa na rola, minyororo au mikanda. Rola zinafaa nyasi kama Rhodes. Mabua makavu ya mpunga yanateleza kwenye rola, robota hugoma kuzunguka na majani yanasagika kuwa vumbi. Hapo minyororo yenye fito za chuma inashika vizuri zaidi. Mikanda hukaza robota tangu katikati, ila ikikatika vipuri vyake ni vigumu kupata. Soma namba za beringi na saizi ya mnyororo, uziulizie madukani Mwanza mjini kabla hujalipa.

Shambani, upana wa mstari wa nyasi ulingane na upana wa meno ya kuokotea, sm 70 hadi 80. Ukilisha upande mmoja robota linatoka kama koni na kamba inachomoka. Funga nyasi zikiwa na unyevu wa asilimia 15 hadi 18. Zaidi ya 20 zinapata joto na ukungu. Kama huna kipimo, kata nyasi vipande vidogo, weka kwenye chupa kavu pamoja na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika mbili. Chumvi ikigandamana, subiri.

Tumia kamba ya katani. Ng'ombe akimeza nailoni au wavu, vinabaki tumboni na kuziba.

Ng'ombe wa kilo 350 hula kama kilo 9 za hei kwa siku. Kwa siku 120 ni kilo 1,080, sawa na marobota 54 ya kilo 20. Ng'ombe kumi ni marobota 540. Kwa kasi ya marobota 40 kwa saa ni kazi ya saa 14 hivi, na mashine ndogo inaimudu. Yote yaingie chini ya paa juu ya magogo kabla ya mvua za vuli. Mvua ikiharibu sm 10 za nje, robota la kipenyo cha sm 50 limepoteza asilimia 64 ya ujazo wake; la sm 120 limepoteza kama 31.

Malipo ya mwisho yasubiri jaribio kwa trekta lako na nyasi zako. Baada ya marobota 20 zima PTO, zima injini, toa ufunguo, kisha sogeza mkono karibu na kila nyumba ya beringi. Ile yenye joto lisiloshikika ibadilishwe na muuzaji kabla mashine haijaondoka.