Unatoka Kigoma unaenda Oman? Hivi ndo utaziona rangi za jangwani

Wengi wakipiga simu nyumbani wiki ya kwanza wanalalamika kitu kimoja, huku kila kitu kahawia, hakuna majani, hakuna rangi. Si ajabu. Umezoea udongo mwekundu, miembe ya Ujiji, vitenge vya Kongo pale sokoni Mwanga, afu unashushwa Muscat jua la saa sita, lazima udhani macho yameharibika. Macho mazima kabisa, saa tu ndo mbaya.

Anza kujizoeza ukiwa bado hapa mwisho wa reli. Nenda Kibirizi wanakoanika dagaa, saa saba mchana utaona mng'ao mweupe tu mpaka ufumbe macho, rudi jioni jua limeshalalia upande wa Kongo, hapo unamuona kila dagaa na mstari wake wa fedha ubavuni. Jua la utosini linafuta vivuli, na bila kivuli huoni umbo wala rangi ya kitu. Oman ni hivyohivyo ila imezidi, miezi ya kiangazi joto linapita digrii 40, kwahiyo angalia mapema kabla ya saa mbili asubuhi au subiri saa kumi na moja jioni. Miwani ya jua vaa, ila chukua yenye kioo cha kijivu, ile ya kahawia inapaka kila kitu rangi yake.

Pande nazo zitakuvuruga. Sisi jua linazama ziwani, Muscat linatokea baharini na kuzama nyuma ya milima, yani kinyume. Kwahiyo milima iangalie asubuhi ikiwa imemulikwa usoni, jioni inabaki tabaka za kivuli tu, nazo ni nzuri kwa namna yake.

Ile milima watu wanaipita tu kwenye gari wakisema imeungua. Sogea pale walipochonga barabara, tafuta jiwe lililopasuka karibuni uligeuzegeuze mkononi: nje kahawia ya kutu, ndani kijani kilichokoza, mengine yana mishipa myeupe. Ule mwamba ulikuwa chini ya sakafu ya bahari, ukasukumwa mpaka nchi kavu mamilioni ya miaka iliyopita, na ile kutu ni chuma cha ndani ya jiwe kikikutana na hewa. Mi naona jiwe moja la hivyo linashinda kuzunguka maduka makubwa siku nzima.

Sasa dada zangu mnaoenda kufanya kazi za ndani, najua hamtoki ovyo. Paa linatosha. Ukipanda kuanua nguo jioni simama dakika mbili, nyumba za Muscat karibu zote nyeupe au krimu maana manispaa ina masharti yake, lakini ndo zinavyopokea rangi ya jua, zinageuka waridi afu kijivu mbele yako. Cheki mageti pia, ya chuma, mengine kijani, mengine bluu, yana maua na nakshi.

Ukipata siku ya kutoka fuata maji. Vijijini kuna falaj, mifereji ya zamani inayogawa maji mashambani, mitano iliingizwa urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2006, na pale maji yanapoishia kijani nacho kinakatika palepale, hatua moja uko kwenye mitende, inayofuata uko kwenye changarawe. Sisi wa michikichi tunadhani mtende tunaujua, subiri mwezi wa sita au wa saba uone vichala, vingine vya njano, vingine vyekundu, kabla havijaiva vikawa kahawia. Mchanga wa Sharqiya, jangwa la mashariki mwa Oman, nao jioni unakuwa rangi ya mawese yaliyoganda.

Watu usiwakodolee macho, na usipige picha ya mtu bila ruhusa, hasa wanawake, wala majengo ya jeshi na polisi. Ila kofia za wanaume, wenyewe wanaziita kumma, nyingi zimedariziwa kwa mkono na kila moja na rangi zake, ukikutana na mzee anayejua Kiswahili, na wapo wengi, mpe shikamoo kwanza, isifie kofia yake, atakuvulia mwenyewe uitazame.

Rangi moja ya kuishika kichwani: barabara zinapokatiza wadi, yani korongo kavu linalopitisha maji ya mvua, pembeni kuna nguzo nyeupe na nyekundu za kupimia maji. Mvua ikinyesha milimani, hata kama ulipo wewe ni kukavu, maji yanashuka ghafla, yakifika kwenye nyekundu hakuna kuvuka, mwambie dereva asimame hata akikucheka.

Na simu yako ikikupa picha zilizopauka, gusa sehemu yenye mwanga mkali kwenye kioo, shusha mwanga kidogo, ndo upige.