Kukadiria wanafunzi, walimu na fedha za shule: fuata kundi, achana na jumla

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu mkuu, pembezoni mwa Jiji la Arusha, nilikadiria kama wengi tunavyofanya: nilichukua jumla ya wanafunzi, nikaongeza asilimia tano, nikapeleka. Jumla ilipatia. Ila Januari darasa la kwanza walikaa sakafuni, na la sita madawati yalikuwa yanapigwa vumbi. Tangu siku hiyo nakadiria darasa kwa darasa.

Hatua ya 1: Toa rejesta za miaka minne. Fomu za TSM (Takwimu za Shule za Msingi) hazitoshi, zinakupa idadi tu. Rejesta inaonyesha nani kaingia na nani katoka. Pita majina kwa kidole. Mengine yamekatwa kwa wino mwekundu, "amehama". Mengine hayajakatwa, lakini mahudhurio yake ni matupu tangu Agosti. Hao watoe kwenye hesabu. Inauma, maana ruzuku huja kwa kichwa, lakini jina halikalii dawati.

Hatua ya 2: Tafuta kiwango cha kuvuka. Gawanya wanafunzi wa la pili mwaka huu kwa wa la kwanza mwaka jana. Tuseme la kwanza walikuwa 140, sasa la pili wapo 147: 147 ÷ 140 = 1.05. Ikizidi moja, wanaohamia ni wengi kuliko wanaoondoka. Rudia kwa kila darasa, upate viwango vya miaka mitatu, kisha wastani wake. Zidisha wastani huo kwa wanafunzi wa darasa la sasa, upate wa darasa linalofuata mwakani. La nne kwenda la tano litazame peke yake, kwa sababu upimaji wa kitaifa hubakiza baadhi ya watoto. La tano linapungua, na mwaka huo huo la nne linavimba kwa hao waliobaki.

Wenye takwimu za miaka mingi, msichanganye 2016 kwenye wastani. Elimu bila malipo ilipoanza uandikishaji uliruka, na mruko ule haujirudii kila mwaka.

Hatua ya 3: Darasa la kwanza. Hapa ndipo wengi wetu tunaanguka, maana hakuna darasa la nyuma la kugawanyia zaidi ya awali, na si wote wanapita awali. Mimi hutoka kwa miguu. Naanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha nahesabu misingi ya nyumba. Muriet au Olasiti, hapa Arusha, utachoka kuhesabu. Panda Old Moshi au Uru ya juu, kule Kilimanjaro, uone kinyume chake: kihamba (shamba la ukoo) hakigawanyiki tena, vijana wameshuka mjini, wamebaki mababu. Ukimpa mwalimu mkuu wa huko asilimia tano zako, utamjengea madarasa ya kufugia popo.

Hatua ya 4: Weka sera kwenye jedwali. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Waliokuwa la tatu mwaka huo wanamaliza la sita 2027, pamoja na la saba wa mwisho. Kwa hiyo safu yako ya 2028 isiwe na la saba kabisa, na wenzetu wa sekondari wajiandae kupokea makundi mawili kidato cha kwanza.

Hatua ya 5: Ikama, yaani idadi ya walimu shule inayohitaji. Mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45: wanafunzi 1,080 ÷ 45 = walimu 24. Sasa andika majina ya walimu ulionao na miaka yao ya kuzaliwa. Lazima kustaafu ni 60, kwa hiari 55. Kama unao 19 na wawili wanafikisha 60, pengo lako ni saba, si tano. Likizo ya uzazi ya siku 84 nayo huacha darasa wazi. Ombi lako liitaje.

Hatua ya 6: Fedha. Hii ni kuzidisha tu. Ruzuku ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ila sehemu yake ni ya vitabu na haifiki akaunti ya shule, usiipangie chaki. Dawati moja watoto watatu. Tundu la choo moja kwa wasichana 20, wavulana 25. Hili husahaulika mpaka mkaguzi afike.

Bandika makadirio ndani ya mlango wa kabati, uache safu tupu ya idadi halisi. Januari iliyopita nilikosea kwa watoto 11, wote la kwanza. Saba kati yao walitoka kwenye nyumba moja ya vyumba vya kupanga iliyoezekwa Desemba. Mimi niliipita Oktoba, nikadhani ni godauni.